ELIMU YA NYUMBANI: Tuviulize Vitu Vyenyewe



Wanafunzi wengi wa nchi yetu hujifunza elimu ya maumbile kwa chaki na ubao tu. Mwalimu huandika, mtoto hunakili, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yale yale aliyopewa, kama mtu anayelipa deni. Hatuwalaumu walimu, kwani shule nyingi hazina chumba cha majaribio, wala mizani, wala hata chupa za kioo. Lakini hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyefundishwa hivyo hukua akifikiri kwamba elimu ni maneno ya kuamini, na akishakuwa mtu mzima atamwamini vivyo hivyo mwuza dawa wa sokoni mwenye sauti kubwa.

Basi juma hili twataka kuwaonyesha, ninyi wanafunzi pamoja na wazazi wenu, kwamba majaribio ya kweli yaweza kufanywa juu ya meza ya jikoni. Vitu vyenyewe mnavyo: maji, sabuni, ndimu, mafuta ya karanga, unga wa mihogo, na kitu kimoja ambacho walimu hukitupa nje ya dirisha kila siku, yaani chingamu, ule ubani wa kutafuna unaouzwa katika kila kibanda.

CHINGAMU NI KITU GANI?

Kabla ya kukiuliza kitu, yafaa kujua kidogo habari zake. Zamani Wamaya na Waazteki, watu wa nchi za Meksiko na Guatemala, walikuwa wakitafuna utomvu wa mti mmoja wa kwao. Utomvu huo huitwa chikle. Karibu na mwaka 1869 mtu mmoja wa New York, jina lake Thomas Adams, aliupata utomvu huo kwa Jenerali Santa Anna, aliyekuwa zamani rais wa Meksiko. Adams alitaka kuugeuza uwe mpira. Alijaribu, akashindwa. Lakini aliangalia vema alichokuwa nacho mkononi, akaona kwamba kitu kisichofaa kwa mpira chafaa kwa kutafunwa; na mwaka 1871 akapewa hati ya serikali kwa mashine yake ya kutengeneza ubani huo.

Adams hakuwa mjinga kudhani kwamba chikle yaweza kuwa mpira, maana vitu hivyo viwili ni ndugu. Utomvu wa mpira, ambao wazee wetu waliujua kwa uchungu katika siku za Dola Huru la Kongo (1885 hadi 1908), na utomvu wa chikle, vyote viwili vimefanywa kwa minyororo mirefu ya chembe ndogo mno, iliyosokotana kama nyuzi. Ndiyo sababu vyote viwili huvutika. Siku hizi chingamu nyingi hazina chikle tena. Viwanda hutumia vitu vinavyofanana na mpira, vinavyotengenezwa kwa mafuta ya ardhini, kisha huongeza sukari, vitu vya kulainisha na harufu nzuri.

Kwa hiyo kumbukeni jambo moja, maana litatufaa katika majaribio yote: ndani ya chingamu mna vitu vya namna mbili. Kuna vile vinavyoyeyuka katika maji, kama sukari, na kuna vile vinavyoyakataa maji kabisa.

SHERIA TATU ZA MJARIBU

Mtu akichanganya vitu ovyo ili aone moshi au povu, huyo anacheza, hajaribu. Mjaribu wa kweli hushika sheria tatu.

Ya kwanza: abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua kama mafuta hulainisha chingamu, usiweke kipande kimoja katika mafuta ya moto na kingine katika maji baridi, maana hapo hutajua kama kilicholainisha ni mafuta au ni joto.

Ya pili: apime. Maneno kama «kidogo», «sana», «muda mrefu», hayatoshi. Aandike gramu ngapi, dakika ngapi, vijiko vingapi.

Ya tatu: aandike anachodhani kabla ya kujaribu, na alichokiona baada ya kujaribu, hata kama hayo mawili yanapingana. Atakayefuta neno la kwanza ili aonekane mwenye akili amejinyima faida yote ya kazi yake.

Haya, tuanze.

JARIBIO LA KWANZA: CHINGAMU INAYOTAFUNWA HUONGEZEKA UZITO AU HUPUNGUA?

Waulizeni kwanza watu wa nyumbani. Wengine watasema: «Huongezeka, kwa sababu hulowa mate.» Wengine watasema: «Haibadiliki, maana haimezwi.» Andikeni majibu yao na majina yao.

Sasa fanyeni mizani. Chukueni rula ya sentimeta 30, ifungeni uzi katikati kabisa, kwenye sentimeta 15, na kuitundika ili ilale sawasawa hewani. Kila upande, sentimeta 1 kutoka mwisho, tundikeni kwa nyuzi mfuniko mdogo wa plastiki, yote miwili iwe ya namna moja. Upande mmoja ukilemea, bandikeni nta kidogo upande mwingine mpaka rula inyoke.

Mawe ya mizani yako wapi? Maji yatatosha. Nunueni katika duka la dawa bomba jipya la sindano la mililita 5, lisilo na ncha yake ya chuma. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Wekeni chingamu, bila karatasi yake, katika mfuniko wa kwanza, kisha dondosheni maji polepole katika mfuniko wa pili mpaka rula inyoke tena. Someni katika bomba ni maji kiasi gani yaliyotoka. Hayo ndiyo gramu za chingamu.

Sasa mmoja aitafune chingamu ile kwa dakika 10, asiimeze. Kisha aitoe, aikaushe kwa kitambaa safi, naye aipime tena kwa njia ile ile.

Mtaona kwamba imepungua, tena si haba. Chingamu ya sukari mara nyingi hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba ilikuwa na gramu 3, na baada ya kutafunwa imebaki na gramu 1 na desimali 2. Basi gramu 1 na desimali 8 zimekwenda, yaani sehemu 60 katika 100. Zimekwenda wapi? Zimeyeyuka katika mate na kumezwa, nazo karibu zote ni sukari. Kijiko kidogo cha chai huchukua sukari ya gramu 4 hivi. Kwa hiyo mtoto huyo amekula karibu nusu ya kijiko cha sukari, naye alidhani kwamba hakula kitu.

Akina mama, hesabu hii ni yenu. Vijidudu vilivyomo kinywani huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hula meno. Mtoto anayetafuna chingamu nne kwa siku ameyaogesha meno yake katika sukari mara nne.

Mwanafunzi hodari ataendelea mbele. Atachukua chingamu nne za aina moja, atazitafuna kwa dakika 1, dakika 3, dakika 5 na dakika 10, kila moja kwa zamu yake, kisha ataandika uzito uliopotea na kuchora mstari katika daftari lake. Ataona kwamba uzito hupungua upesi mwanzoni, kisha polepole, na kwamba mstari huanza kulala karibu na wakati ule utamu unapokwisha. Hapo ulimi na mizani vinashuhudia jambo moja.

Lakini msifanye haraka ya kuhukumu. Chingamu isiyo na sukari ya kawaida nayo hupungua, maana utamu wake watoka katika vitu vingine vinavyoyeyuka, kama sorbitoli na ksilitoli, ambavyo vijidudu vya meno havivipendi. Mizani inawaambia ni kiasi gani kilichokwenda. Haiwaambii ni kitu gani. Kwa swali hilo la pili someni maandiko yaliyo juu ya karatasi ya chingamu.

JARIBIO LA PILI: NI KITU GANI KILAINISHACHO CHINGAMU?

Chukueni chingamu iliyokwisha utamu, mwikate vipande vinne vilivyo sawa, kila kimoja kama punje ya maharagwe. Wekeni vikombe vinne juu ya meza. Cha kwanza kiwe na maji matupu, cha pili maji yenye sabuni, cha tatu maji ya ndimu, cha nne mafuta ya karanga au ya mawese yaliyo laini. Kila kikombe kiwe na vijiko vitatu, na vyote vikae saa moja mezani kwanza ili joto lao liwe moja. Ndipo mtie vipande. Kila baada ya robo saa, bonyezeni kila kipande mara 20 kwa kijiti chake, mkaandike mnachokiona: kigumu, laini, chenye kunata, au chenye kuachana. Viacheni vilale usiku kucha, mvitazame tena asubuhi.

Kipande cha maji matupu hubaki kigumu. Cha ndimu hakina tofauti kubwa nacho, ingawa watu wengi hudhani kwamba ndimu, kwa kuwa ni kali, hula kila kitu. Cha mafuta ndicho kinacholegea na kuanza kuachana. Chingamu si zote sawa, nyingine hulegea upesi na nyingine huchelewa, lakini tofauti ya mafuta na maji huonekana.

Kwa sababu gani? Mwaona kila siku jikoni kwamba maji na mafuta havikai pamoja. Chembe za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na chembe za mafuta hupendelea jamaa zake. Ile minyororo mirefu ya chingamu ni ya ukoo wa mafuta. Kwa hiyo mafuta huingia katikati yake, huitenganisha, na fundo lote hulegea. Lakini maji hubaki nje. Na sabuni? Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja yapenda maji, nyingine yapenda mafuta. Ndiyo maana huosha sahani yenye mafuta. Lakini chingamu ni fundo nene mno, na sabuni peke yake hulifikia juujuu tu.

Ushahidi mwingine mtauona kinywani. Tafuneni chingamu, kisha mwongeze kijiko cha karanga zilizosagwa, mwendelee kutafuna. Mara nyingi chingamu huvunjika vipande vipande kinywani, maana mafuta ya karanga yameingia ndani yake.

Tena kuna ushahidi wa kale sana. Mwaka 2019 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, huko Denmark, walitangaza habari za kipande cha lami ya gome la mti, kilichotafunwa na mwanamke mmoja miaka 5,700 iliyopita. Lami hiyo haikupenywa na maji ya ardhini, nayo ilihifadhi alama za mwili wake vizuri hata mabingwa wakaweza kusema kwamba alikuwa na ngozi nyeusi, nywele za kahawia iliyokoza na macho ya buluu. Kisichoyeyuka katika maji hukaa sana. Kwa hiyo, mwanafunzi unayebandika chingamu chini ya benchi la shule, fikiri kidogo: mvua na maji ya deki hayatakiondoa kwa ajili yako.

FAIDA YA JARIBIO HILI NYUMBANI

Sasa mama anayejua sababu hatakata tena nywele za binti yake kwa wembe kwa ajili ya chingamu iliyonata. Apake mafuta ya kula au karanga zilizosagwa mahali hapo, angoje dakika chache, asugue kwa vidole mpaka chingamu ilegee, aivute polepole kwa kitana, ndipo aoshe kwa sabuni. Angalieni utaratibu huu: mafuta huondoa chingamu, kisha sabuni huondoa mafuta. Ukianza kwa sabuni umepoteza sabuni.

Kwa nguo ya shule kuna njia nyingine, nayo ni baridi. Chingamu ikipata joto hulainika, ikipata baridi kali huwa ngumu na kuvunjika. Wauza samaki mara nyingi wana barafu. Ombeni kipande, mkitie katika mfuko wa plastiki, mkiweke juu ya chingamu mpaka igande, kisha mwibandue kwa kijiko. Mabaki yake yapakwe mafuta kidogo, halafu sabuni. Asiyepata barafu atumie mafuta peke yake, ila aoshe vizuri baadaye, doa lisikae.

Wengine hutumia petroli au esanse kwa kazi hii. Ni kweli vitu hivyo huyeyusha chingamu, maana navyo ni vya ukoo wa mafuta. Lakini moshi wa esanse huwaka moto hata mbali na chupa yake, na jiko la makala halina huruma. Nguo moja haina thamani ya ngozi ya mtoto. Tumieni mafuta ya kula.

JARIBIO LA TATU: JE, ULIMI HUSEMA KWELI DAIMA?

Mtu atafunaye chingamu ya mnanaa kisha akavuta pumzi huona baridi kinywani. Je, kinywa chake kimekuwa baridi kweli?

Chukueni kipima-joto cha nyumbani, kisafisheni, mkiweke chini ya ulimi wa mmoja wenu, kinywa kikiwa kimefungwa, kwa dakika 3. Andikeni hesabu. Kisha atafune chingamu ya mnanaa kwa dakika 5, aitoe, afunge kinywa, mpime tena vivyo hivyo. Mwulizeni: «Waonaje?» Atasema: «Baridi.» Lakini kipima-joto hakitaonyesha baridi hiyo anayoisema.

Sababu ni hii. Katika ulimi na ngozi mna milango midogo sana ya mishipa ya fahamu, ambayo hufunguka baridi inapokuja na kupeleka habari ubongoni. Mnanaa una kitu kiitwacho mentoli, nacho huifungua milango hiyo ingawa baridi haipo. Ubongo hupata habari, nao huiamini. Pilipili hufanya mambo yayo hayo kwa milango ya joto. Ndiyo maana twasema kwamba pilipili «inaunguza», hali hakuna moto. Mabingwa wawili, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua milango ya namna hiyo. Na walipotafuta mlango wa baridi, kila mmoja kwake, walitumia mentoli. Mwanzo wa kazi kubwa kama hiyo ulikuwa kitu ambacho kila mtoto amekionja.

Jaribio hili latufundisha kwa nini twahitaji vipimo. Ulimi ni shahidi mwema, lakini hudanganyika.

JARIBIO LA NNE: KAZI YA MATE

Kutafuna huleta mate mengi. Mate yana kazi gani? Je, ni maji ya kulainisha chakula tu?

Chemsheni kikombe kimoja cha maji na unga kidogo wa mihogo, nusu ya kijiko cha chai, mpaka uwe uji mwepesi sana, kama maji mazito. Acheni upoe mpaka uwe vuguvugu. Nunueni dawa ya iodini, ile ya kahawia ipakwayo juu ya vidonda. Iodini ikikutana na wanga hugeuka rangi, ikawa buluu iliyokoza karibu na weusi. Jaribuni kwanza kwa tone moja katika kijiko cha uji ule.

Kisha mmoja wenu asuuze kinywa kwa maji, atafune chingamu iliyokwisha utamu, akusanye mate yake katika kikombe, vijiko viwili vya chai. Kijiko kimoja cha mate hayo kichemsheni katika kikopo kidogo chenye maji kidogo, halafu kipoe. Sasa pangeni vikombe vitatu, kila kimoja na vijiko viwili vya uji. Katika cha kwanza tieni kijiko cha maji. Katika cha pili, kijiko cha mate yasiyochemshwa. Katika cha tatu, mate yaliyochemshwa. Koroga kila kimoja kwa kijiti chake, kishikeni mikononi ili kiwe na joto la mwili, mkangoje dakika 15. Ndipo mtie tone moja la iodini katika kila kikombe.

Cha kwanza kitageuka buluu, na cha tatu pia. Lakini kile cha pili, jaribio likifanywa vema, hakigeuki buluu, au hugeuka kidogo tu. Maana yake wanga umevunjwa. Katika mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachoikata minyororo ya wanga kuwa vipande vya sukari. Ndiyo sababu tonge la bugali au mkate ukilitafuna kwa muda mrefu huanza kuwa tamu. Na moto umekiua kimeng'enya katika kikombe cha tatu, ndiyo maana hakikufanya kazi.

Huenda mtu atauliza: «Kwa nini tujisumbue na vikombe vitatu? Kimoja hakitoshi?» Hakitoshi. Bila kikombe cha maji hamwezi kujua kama uji ungebadilika wenyewe. Bila kikombe cha mate yaliyochemshwa hamwezi kujua kama ni kule kuongeza mate tu kulikopunguza rangi. Kikombe kisichobadilika kina habari kubwa sawa na kile kilichobadilika.

Vyote vilivyoguswa na iodini visinywewe. Vimwageni, mkaoshe vikombe kwa sabuni.

MAONYO

Wazazi, tafadhali someni sehemu hii kwa sauti mbele ya watoto.

Maji ya javeli yasichanganywe kamwe na ndimu, siki, wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini yenye sumu, nayo huchoma mapafu. Javeli isichanganywe na amonia pia. Soda kali ya kutengenezea sabuni isiguswe na mtoto, maana huunguza ngozi na macho. Mtoto mdogo asiyezidi miaka mitano asipewe chingamu, maana yaweza kumsakama kooni. Na chingamu iliyotafunwa na mmoja isitafunwe na mwingine. Mwenye kipande chake ashike chake, na mikono ioshwe kabla na baada.

TULICHOKITAFUTA

Wengi wenu mmesikia kwamba chingamu ikimezwa hukaa tumboni miaka saba. Mmeambiwa na wakubwa, nao waliambiwa na wakubwa wao. Sasa jiulizeni kama wajaribu: nani alipima? Waganga wajua kwamba kipande kilichomezwa hupita pamoja na mabaki ya chakula baada ya siku chache, ingawa tumbo haliwezi kukiyeyusha. Hata hivyo wako watoto wachache waliokuwa wakimeza chingamu kila siku kwa mazoea, matumbo yao yakafunga, ikabidi waganga wayafungue. Basi neno la wazee lilikuwa na onyo la kweli ndani yake, na hesabu ya uongo juu yake. Mtu asiyejua kupima atachukua yote mawili au atatupa yote mawili. Mwenye kujua kupima atatenganisha.

Ndiyo maana hatukuandika ukurasa huu kwa ajili ya chingamu. Kesho mtu atakuja kijijini na chupa ya dawa, atasema kwamba yaponya malaria, kisukari na utasa kwa pamoja, na ataleta mashahidi watatu waliopona. Mtoto aliyeshika vikombe vitatu mikononi mwake atamwuliza: «Na wale wasioinywa, wangapi walipona pia? Mlipima kwa kitu gani? Mliandika wapi?» Swali hilo laweza kuokoa fedha ya jamaa, na pengine uhai wa mgonjwa aliyepaswa kupelekwa hospitali. Wahenga wa siku hizi wana neno lao: akili ya kuambiwa, changanya na yako. Nasi twaongeza: na yako pia ipime.

Walimu, jaribio la kwanza na la pili hufanyika darasani, kwa rula, bomba la sindano, vikombe na chingamu chache. Gaweni wanafunzi vikundi vya watu wanne: mmoja apime, mmoja aangalie saa, mmoja atafune, mmoja aandike. Kisha vikundi vilinganishe hesabu zao ubaoni. Hesabu hazitakuwa sawa kabisa. Msizisahihishe. Waulizeni wanafunzi kwa nini zimetofautiana, mkawaache watafute.

Nanyi wanafunzi, chukueni daftari, andikeni tarehe juu ya ukurasa, na chini yake mwandike mnachodhani. Kisha mkaanze.